Kuandaa Land Cruiser ya zamani kwa njia ya Lubumbashi hadi Kalemie: gari, spea na sanduku la zana

Kutoka Lubumbashi hadi Kalemie, nchini Kongo (DRC), kwa barabara ni zaidi ya kilometa 700. Unapita Kasomeno, unaelekea kaskazini hadi Pweto kwenye ziwa Mweru, unakata nyanda za juu za Marungu, ndipo unashuka kuelekea ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa ya njia ni udongo mwekundu, mawe, mchanga wa hapa na pale na madaraja ya magogo. Kati ya mji na mji unaweza kuendesha nusu siku bila kukuta garaji yenye hata beringi moja inayofaa gari lako.

Gari ninalolizungumzia ni Land Cruiser ya familia ya 70, hasa HZJ75 yenye injini ya 1HZ: dizeli ya silinda sita, lita 4.2, bila turbo. Toyota ilianzisha familia hiyo mwaka 1984, na 1HZ ikaingia 1990. Lubumbashi yamejaa: yametoka migodini, kwenye miradi, kwenye parokia, na mengi yanauzwa yakiwa yamechoka vibaya chini ya rangi mpya. Ukiwa na HZJ78 au HZJ79 ya kuanzia 1999, karibu yote haya yanakuhusu pia, isipokuwa mbele utakuta springi za koili na magurudumu yenye nati tano badala ya sita.

Wengi wanaanza na taa za juu, keria na winchi. Ninasisitiza kinyume: pesa ya kwanza iende kwenye mfumo wa maji, mikanda, mazutu (mafuta ya dizeli), habu (vitovu vya magurudumu), usukani na breki, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyosimamisha gari porini. Na kazi hiyo ifanywe kwa zana zako mwenyewe, zile utakazosafiri nazo. Hilo ndilo jambo kubwa katika mwongozo huu.

Majira na muda

Katanga mvua huanza Novemba na kuisha Aprili. Mei mabonde bado yana maji, kwa hiyo ningetoka Juni na kuwa nimerudi kabla ya Septemba kwisha. Juni na Julai zina baridi ya asubuhi ambayo mgeni haitarajii, hasa juu Marungu. Dizeli hii inategemea plagi za joto ili iwake. Ziko sita, mbili zikifa, gari bado litawaka mjini saa nne asubuhi, lakini mlimani saa kumi na mbili litakataa. Zipime moja moja kwa mita ya umeme kabla ya kwenda.

Anza wiki sita kabla ya tarehe ya kuondoka. Wiki mbili za ukaguzi na kufungua, mbili za kungoja spea zinazotoka Zambia, Afrika Kusini au Dubai, moja ya kufunga, na moja ya majaribio yenye nafasi ya kurekebisha. Anayempelekea fundi gari Ijumaa ili aondoke Jumatatu hajampa nafasi ya kufanya kazi vizuri.

Sanduku tupu kando ya gari

Kabla ya kugusa nati ya kwanza, weka sanduku la chuma tupu chini, kando ya gari. Mwambie fundi: leo tunatumia zana za hapa. Leta spana, soketi na bisibisi zako zote kwenye turubai. Kila zana itakayofanya kazi kwenye gari hili, ikimaliza inaingia sandukuni. Kila zana ambayo fundi ataikosa na kutuma kijana akaiazime kwa jirani, iandike kwenye daftari, maana hiyo ndiyo utakayoikosa Marungu. Mwisho wa wiki ya pili, kilichobaki juu ya turubai kinarudi nyumbani.

Mfano wa wazi ni soketi ya milimita 54. Nati za habu za mbele za Land Cruiser zina ukubwa huo, na garaji nyingi hazina soketi yake, kwa hiyo fundi anachukua patasi na nyundo. Atakwambia, "Itafunguka tu, yaya." Ni kweli, itafunguka, lakini pembe za nati zitaliwa, vipande vya chuma vitaingia kwenye grisi, na hakuna atakayejua imekazwa kiasi gani wakati wa kurudisha. Inunue mapema.

Simama karibu na fundi muda wote. Shika taa, uliza, fungua wewe mwenyewe upande wa pili baada ya yeye kufungua wa kwanza. Beringi ikilia mbele ya Pweto, mikono itakayokuwepo ni yako.

Osha, kisha lala chini

Osha sehemu yote ya chini kwa maji ya nguvu, ila usielekeze mkondo kwenye altaneta (jenereta inayochaji batri) wala kwenye sili za ekseli. Pakikauka, ingia na tochi na brashi ya waya. Nyufa za chasi hupenda sehemu tatu: pale boksi la usukani linapofungwa, pale mikono ya springi inaposhikiliwa, na pale shokamzoba za nyuma zinapofungwa. Ufa huonekana kwanza kama mstari mwembamba wa kutu uliokata rangi. Ukiupata, toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, kisha welda na uongeze bamba. Fungua nyaya za batri kabla ya kuwelda, la sivyo unaweza kuua altaneta.

Weka alama kwa chaki kila penye oili. Unyevu wa kawaida kwenye injini ya umri huu si sababu ya kuahirisha safari. Tone linaloning'inia baada ya usiku mmoja ni sababu ya kutafuta sili.

Mfumo wa maji

Hapa usibane pesa. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na maji matupu yanachemka kwa takriban nyuzi 96. Marungu, ambako milima inapita mita 2,000, yanachemka mapema zaidi. Kinachozuia injini isichemke ni kifuniko cha rejeta: kikiwa kizima kinashikilia shinikizo la kama bar 0.9, na maji yanavuka nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Kifuniko chenye mpira uliokauka hakishikilii kitu. Ni kitu cha bei ndogo, nunua kipya.

Kisha fuata mpangilio huu. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, utazame maji. Mapovu yanayoendelea kutoka hata baada ya dakika kadhaa yanamaanisha gesi inapita kwenye gasketi ya kichwa au kichwa kimepasuka. 1HZ ni injini imara sana, lakini kichwa chake hakisamehe joto kali, na gari lililotoka migodini huenda lilishachemshwa na dereva ambaye hakusema. Ukiona mapovu, safari inasubiri.

Kama ni salama, mwaga maji yote. Yakitoka na rangi ya chai, suuza mpaka yawe meupe. Toa rejeta, ipulize na kuiosha kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana vumbi na mbegu za majani zimeingia kwa kutoka mbele. Minya mipira yote ya maji kwa vidole: ulio laini mno au unaotoa sauti ya kukatika unabadilishwa, na wa zamani ambao bado ni mzima unakuwa spea. Tazama tundu dogo chini ya pampu ya maji. Alama ya maji hapo inasema sili yake inaisha. Zungusha feni kwa mkono injini ikiwa imezimwa na bado ina moto: inapaswa kukataa kidogo. Ikizunguka huru, klachi ya feni imekufa.

Jaza mchanganyiko wa nusu maji safi na nusu kimiminika cha kuzuia kutu. Maji ya bomba peke yake yanakula chuma kutoka ndani.

Kuna desturi katika garaji zetu ya kutoa thamostati (valvu inayofungulia maji njia yakipata joto) ili "injini ipumue". Ikatae kwa upole na kwa uthabiti. Katika injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka inaziba njia ya pembeni ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na kwenye mlima mrefu injini inapata joto zaidi, si pungufu.

Mikanda

1HZ inatumia mkanda wa taimingi, na ukikatika valvu zinagonga pistoni. Umri wake ni kilometa 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi ipo kwa kazi hiyo. Tatizo ni kwamba gari la okaze (lililokwisha tumika) huenda limeshabadilishwa dashibodi, au taa imetolewa balbu. Kama huna ushahidi wa lini ulibadilishwa, ubadilishe pamoja na puli yake ya kukazia. Mikanda ya feni iko miwili na inabadilishwa yote kwa pamoja. Mmoja mpya na mmoja wa zamani havivuti sawa.

Mazutu na hewa

Mazutu utakayonunua njiani kwenye bidoni itakuwa na maji na uchafu. Lichukue hilo kama jambo la uhakika. Kabla ya safari fungua tangi, limwage, usafishe tope la chini na ubadilishe mpira wowote wa mazutu uliopasuka, kwa sababu mpira unaoingiza hewa hautoi tone nje: dalili yake ni gari linalowaka asubuhi, linazima, kisha linasumbua.

Jifunze kazi mbili mpaka uzifanye gizani. Ya kwanza ni kumwaga maji ya filta: legeza kifungo cha chini, pampu kwa mkono pampu ndogo ya juu ya filta, acha yatoke mpaka uone mazutu safi, kaza. Ya pili ni kubadilisha filta na kutoa hewa: jaza filta mpya mazutu safi, ifunge kwa mkono, pampu mpaka pampu ya mkono iwe ngumu, kisha washa. Beba filta tatu.

Bidoni iliyonunuliwa jioni iache itulie usiku kucha bila kutikiswa. Asubuhi mimina polepole na uache sehemu ya chini kabisa. Kitambaa kinakamata uchafu lakini hakizuii maji vizuri; utulivu wa usiku unafanya kazi hiyo.

Kuhusu hewa, pitisha kidole safi ndani ya bomba lililo baada ya filta ya hewa, upande wa injini. Kikitoka chekundu, vumbi linapita, na injini inaliwa kila kilometa. Tafuta mpira uliochanika, klempu iliyolegea au filta isiyokaa sawa. Snorkeli nayo haina maana kama viungio vyake havijazibwa. Filta ya karatasi ipulize kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na ubebe mpya moja.

Habu za mbele

Kama una nguvu ya kufanya kazi moja tu kwa ukamilifu, ifanye hii.

Zuia magurudumu ya nyuma, inua mbele, uweke stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na kriki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Kama lina mchezo, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini (egemeo ambalo gurudumu linageukia), juu na chini ya mpira wa ekseli. Tazama pia upande wa ndani wa tairi: grisi nyeusi nyepesi inayoteleza chini inaonyesha kwamba oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) imepita sili ya ekseli na kuchanganyika na grisi ya jointi. Hapo unafungua mpaka ndani.

Kufungua kwenyewe: toa kifuniko cha habu ya kufunga na kufungua, toa klipu, kisha nati za pembeni. Chini ya nati hizo kuna washa za umbo la koni ambazo hazitoki kwa kuvutwa. Weka kipande cha shaba nyeupe na upige kwa nyundo kwa mshtuko, zitaruka. Nyundo ya chuma moja kwa moja itaharibu bolti. Nyoosha bati la kufungia, toa nati ya nje ya 54, bati, nati ya ndani, washa, na beringi ya nje itakuja mkononi.

Osha beringi kwa mazutu, kausha kwa kitambaa. Usizizungushe kwa upepo wa kompresa. Rola au njia yake ikiwa na madoa, mashimo madogo au rangi ya bluu ya kuungua, badilisha beringi pamoja na bakuli lake. Ukiweka beringi mpya kwenye bakuli la zamani, umenunua wiki chache tu. Kujaza grisi: weka donge kwenye kiganja, bonyeza upande mpana wa beringi mpaka grisi itokee upande wa pili, zunguka hivyo mpaka mwisho. Grisi ya lithiamu namba 2 inafaa. Usichanganye na iliyokuwepo.

Rudisha na sili mpya. Kaza nati ya ndani huku ukizungusha habu, legeza, kisha kaza tena kidogo. Kipimo sahihi kinapatikana kwa mizani ya kuvuta, ile wanayotumia wauza samaki: ifunge kwenye bolti moja ya gurudumu, vuta, habu ianze kuzunguka kwenye kama kilo 3 hadi 5. Weka bati, nati ya nje, kunja bati. Beringi iliyobanwa mno inaungua; iliyolegea inajigonga mpaka inavunjika.

Wakati uko hapo, fungua na usafishe vipumulio vya ekseli. Habu yenye moto ikiingia mtoni inapoa ghafla na kuvuta; kipumulio kikiwa kimeziba, inavuta maji kupitia sili.

Springi, usukani, breki

HZJ75 ina springi za mabamba mbele na nyuma. Brashi kila bamba, utafute ufa karibu na bolti ya katikati na karibu na jicho. Mabamba yaliyohama pembeni yanaonyesha bolti ya katikati imekatika. Kaza yuboti (bolti za umbo la U zinazoshika springi) zote, na uzikaze tena baada ya kilometa za kwanza zenye mzigo, kwa sababu springi iliyofunguliwa na kufungwa hukaa upya.

Usukani: mtu mmoja azungushe kushoto na kulia kwa haraka, injini ikiwa imezimwa, wewe ukiwa chini unaweka kiganja kwenye kila jointi. Utausikia mgongano mkononi kabla ya kuuona.

Breki: badilisha oili ya breki yote, maana inanyonya unyevu na kwenye mteremko mrefu wa kushukia ziwani maji hayo yanageuka mvuke, pedali inazama. Fungua madramu ya nyuma, tazama silinda ndogo kama zina unyevu. Mipira ya breki iliyopasuka juu juu usiisamehe.

Matairi

Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la okaze linalong'aa kwa rangi nyeusi linaweza kuwa na zaidi ya miaka kumi. Safiri na matairi mawili ya akiba.

Kama gari lako bado lina rimu za vipande zenye tyubu, ukubwa wa 7.50R16, zinafaa sana porini kwa sababu unaweza kuziba pancha mwenyewe kwa vyuma vya kutolea tairi na nyundo. Lakini rimu hizi zimeua watu. Toa kwanza kiini cha valvu, hewa yote iishe, ndipo uguse ringi. Wakati wa kujaza, ringi ikae vizuri pande zote, zungusha mnyororo kwenye tairi, simama mbali na upande wa ringi. Watoto wasogezwe kabisa.

Kwenye lami fuata kibandiko cha mlangoni. Kwenye mchanga na udongo wenye mikunjo shusha mpaka kama bar 1.5 na upunguze mwendo. Chini ya hapo tyubu inaweza kuzunguka ndani ya tairi na kung'oa valvu. Ukirudi kwenye njia ngumu, pampu tena.

Umeme

1HZ ni ya kimakanika, inahitaji umeme kidogo sana ikishawaka: soleneodi moja kwenye pampu ya injekta, inayofungua mazutu. Ikikosa umeme, injini nzuri inazima. Tayarisha waya wa mita mbili wenye fyuzi na klipu, ujue pa kuugusisha ili kuilisha moja kwa moja kutoka kwenye batri. Funga batri isicheze, safisha waya wa ardhi kati ya injini na chasi. Batri iliyopumzika ipime volti 12.6, injini ikifanya kazi, kati ya 13.8 na 14.4. Baadhi ya magari yaliyotoka Japani ni ya volti 24. Hakikisha kabla ya kununua kompresa au taa.

Spea za kubeba

Beba kinachosimamisha gari na kisichopatikana njiani: beringi za habu moja seti pamoja na sili na bati la kufungia, mikanda ya feni, mipira ya maji ya juu na chini, filta, krosi moja ya propela shafti, bamba kuu moja la springi na bolti yake ya katikati, yuboti mbili, tyubu mbili, mpira wa mazutu na klempu, fyuzi, balbu, silinda ndogo ya breki, oili ya injini lita tano, oili ya difu, oili ya breki, grisi. Altaneta ya zamani iliyo nzima, kama unayo. Kichwa cha injini hubebi. Ndiyo maana tulikagua mapovu.

Zana

Ukifuata njia ya sanduku tupu, orodha imejiandika. Utakuta spana za 10, 12, 14, 17 na 19 zimefanya karibu kazi yote, pamoja na soketi ya 54, kipande cha shaba, koleo la klipu, mita ya umeme, nyundo ya kilo moja na nusu na bomba refu la kuongezea nguvu kwenye wili spana. Ongeza msumeno wa chuma, waya wa kufungia, vipande virefu vya tyubu ya zamani, gundi ya chuma ya sehemu mbili, silikoni ya gasketi, vifaa vya pancha na pampu.

Zana za kujinasua ziwe kando, zinafikika bila kushusha mzigo: sepetu, panga, shoka kwa mti wa miombo ulioanguka njiani, kriki ya chupa na ubao mgumu wa kuikalisha, mbao mbili nene zenye urefu wa mita moja na nusu ambazo pia zinaziba pengo la daraja la magogo, kamba ya kuvutia na shekeli. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya chasi. Usiifunge kwenye mpira wa trela: ukikatika unaruka na kupasua kioo na kichwa cha mtu.

Mzigo

Hesabu ya mazutu: kilometa 700 kwa lita 16 kila kilometa 100 ni lita 112, njia ikiwa mbaya na ukafika lita 20, ni 140. Ongeza theluthi ya akiba, unakaribia 190. Tangi la lita 90 na bidoni tano za lita 20 zinatosha. Bidoni hizo zina kama kilo 84 za mazutu, kwa hiyo zikae chini, mbele ya ekseli ya nyuma, zimefungwa. Maji ya kunywa lita tano kwa mtu kwa siku. Juu ya keria weka vitu vyepesi tu. Tairi mbili na magunia juu vinageuza gari kwenye njia iliyoinama.

Majaribio na karatasi

Pakia kama unavyoondoka, nenda Likasi na kurudi, karibu kilometa 240. Lami hiyo itakuonyesha joto la injini lakini haitikisi gari, kwa hiyo maliza na siku moja kwenye njia ya udongo ya mashambani. Ukirudi, ingia chini tena na spana: yuboti, nati za magurudumu, keria, batri. Spea zilizotumika, nunua nyingine badala yake.

Karte roze (hati ya usajili wa gari), bima, kontroli tekniki (cheti cha ukaguzi), vinyeti (stika ya kodi ya gari) na leseni ziwe kwenye bahasha moja, pamoja na nakala. Kizimamoto, pembetatu na boksi la dawa viwe mahali pa kuonyesha bila kutafuta. Polisi wa rulaji (wa barabarani) wataviuliza, nawe unavihitaji.

Njiani

Kila asubuhi kabla ya kuwasha: oili, maji, mikanda kwa kidole, maji ya filta ya mazutu, madoa chini ya gari, matairi kwa jicho na kwa ngumi. Daraja la magogo pita kwanza kwa miguu, ukikanyaga kila gogo.

Kila baada ya saa mbili simama na uguse habu zote nne kwa nyuma ya kiganja. Zote zikiwa na uvuguvugu sawa, endelea. Mbili za ekseli moja zikiwa na moto baada ya mteremko, ni breki, zipoe. Moja peke yake ikikuchoma, tafuta kivuli, weka mawe kwenye magurudumu, fungua sanduku. Ukiifungua hapo, kwa kawaida utakuta grisi iliyoungua na beringi inayookolewa kwa kuosha na kubana upya, kazi ya saa mbili. Ukisukuma kilometa 50 zaidi, utakuta beringi imejichomelea kwenye spindo, na spindo haimo katika orodha yoyote ya spea.